"Umechelewa mwanangu, mwaka ushaogwa"

Nina dera moja la njano lina madoa ya kahawia ubavuni. Nimelifua kwa jiki, nimelisugua kwa ndimu na chumvi, nimelianika juani wiki nzima, wapi. Utomvu wa mgomba ukishaingia kwenye nguo ndo umeingia. Na silitupi ng'o, kila nikifungua kabati nikiliona nakumbuka Makunduchi kule Unguja, lile vumbi, wanaume wanatandikana mabua ya migomba katikati ya uwanja na mimi nimesimama pembeni nikijua niko mbali kumbe siko mbali kihivyo, bua likakatika hewani kipande kikaja kikanipata hapa. Yule kijana aliyekuwa amelishika akasimama katikati ya vita vyote vile, "samahani dada angu, hujaumia?", nikamwambia sijaumia, huyoo akarudi zake.

Sasa kila ikikaribia Juni watu wananiuliza dada Zanzibar niende mwezi gani. Najua wanauliza habari za mvua na bei za vyumba, ila mimi huwa nawauliza kwanza unataka kuona nini. Maana bahari ipo mwaka mzima, ule mchanga upo mwaka mzima, lakini kuna siku chache kwenye mwaka ambazo Unguja inakuwa ya wenyewe, watu wametoka majumbani wamevaa wamependeza, wanaimba, wanapita barabarani, na wangefanya vilevile hata kama hakuna mgeni hata mmoja aliyeshuka kwenye boti. Mimi naona hizo ndo siku za kwenda. Nimekuwa nikivuka kutoka Dar karibu kila mwaka kwa ajili hiyo, mwaka mwingine mara mbili, na yote nitakayoandika hapa ni mambo ambayo nimesimama nikayaona kwa macho yangu, isipokuwa moja la Pemba nitalisema mbele.

Naanza na Makunduchi kwa sababu nikianza na kingine nitakuwa nawadanganya.

Mwaka Kogwa ni mwaka mpya. Sio huu wetu wa Januari wala ule wa Kiislamu, huu ni mwaka wa jua wa watu wa pwani, siku yenyewe inaitwa Siku ya Mwaka, na ukisikia mtu anasema Nairuzi ni hiyohiyo, neno la Kiajemi, watu wa kusini Unguja wengi wanajihesabu Washirazi, yaani wenye asili ya Uajemi, na sherehe wanasema imekuja na wahenga wao. Kogwa ni kuoga. Mwaka unaogwa, yaani asubuhi watu wanashuka pwani wanaingia baharini kujiosha ya mwaka uliopita. Hesabu yake mimi ilinichanganya mpaka nilipoelezwa polepole: siku 365 zinahesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi, na siku ya mwisho kabisa ya mwaka inaitwa kibunzi. Wakulima na wavuvi ndo walikuwa wanaihitaji sana hii hesabu, kwa sababu kalenda ya mwezi inazunguka misimu yote, leo Ramadhani iko kwenye joto, miaka kadhaa mbele iko kwenye baridi, huwezi kupandia mtama kwa kalenda ile wala kujua lini kaskazi inakata na kusi inaanza. Hii ya jua unaweza.

Na kitu ambacho nakipenda sana, haina ile siku ya ziada ya mwaka mrefu tunayoongeza Februari. Kwaiyo kila miaka 4 Siku ya Mwaka inarudi nyuma siku moja kwenye kalenda yetu. Ndo maana karne ya 19 ilikuwa inaangukia mwishoni mwa Agosti, na siku hizi iko Julai, kwenye tarehe 22, 23 hivi. Taratibu inatambaa kurudi nyuma na watu wanatambaa nayo. Mjukuu wa leo akija kuzeeka ataisherehekea mapema kidogo kuliko bibi yake, na itakuwa ni siku ileile.

Mara yangu ya kwanza niliikosa. Nilikata boti ya mchana, nikafika mjini saa tisa, nikakodi gari, dereva akasema atanifikisha kwa wakati, njiani akasimama mara kwa fundi mara kwa shemeji yake, sisi tunaingia Makunduchi jua limeshalala upande. Uwanja wa Kae Kuu ulikuwa umejaa watu wanatembea tu na watoto wanakula askrimu, katikati pana jivu jeusi bado linafuka. Nikamsogelea bibi mmoja amekaa chini ya mti na khanga mabegani, nikamwamkia, nikamuuliza bibi, Mwaka Kogwa ndo lini hasa. Akanitazama hivi kwa huruma kabisa.

"Umechelewa mwanangu, mwaka ushaogwa."

Halafu akauliza umefikia kwa nani? Nikamwambia sijafikia kwa mtu, nitarudi mjini na gari hilohilo. Aliinuka pale. Akanishika mkono. Akasema tangu asubuhi nyumba yangu haina mgeni na mimi nakaa hapa nasikitika, twende. Sikuelewa wakati ule, nilijua ni ukarimu wa kawaida, baadae mtoto wake wa kike ndo akanieleza kuwa kule nyumba kukaa Siku ya Mwaka haina mgeni sio dalili nzuri hata kidogo, mtu anataka mgeni kama anavyotaka wali kwenye sinia. Nikalishwa wali wa nazi, samaki wa kupaka, kuku, mkate wa kumimina, na kila nikiacha kijiko bibi ananiuliza "mbona huli?" Nilipomwambia kwetu bara hatuna siku hii alishangaa, akauliza kwa kumaanisha, "sasa nyie hamuogi mwaka? Mnaingiaje mwaka mpya na taka za mwaka wa zamani?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Nililala pale usiku ule. Na nimerudi kwake toka siku hiyo.

Mwaka uliofuata nikafika siku ya kibunzi kabisa, nikaona yote kuanzia mwanzo. Nakuelezea ili ukienda ujue unachoangalia, maana mgeni asiyejua anaona fujo tu.

Kwanza pigano. Mji una pande mbili, wa kusini na wa kaskazini, vijana na watu wazima wanakutana uwanjani na mabua ya migomba. Zamani wanasema zilikuwa fimbo, siku hizi bua, na bua bichi limejaa maji, likikupiga linatoa mlio mkubwa kuliko maumivu, ingawa usidharau, nimeona mtu ana alama mgongoni siku ya tatu. Wengine wanavaa makoti mazito juu ya makoti, wengine wamevaa helmeti za pikipiki, wengine wamejifunga khanga na kujipamba kama wanawake, na wote wanacheka huku wanapigana. Shabaha ya kitu chote ni kwamba kama una kinyongo na mtu cha mwaka mzima, alikukopa hajalipa, alikusema vibaya, leo unamtafuta humo uwanjani unamtandika na yeye anakutandika, mkimaliza mmemaliza. Huruhusiwi kuvuka nacho. Nilimuona mzee mmoja wa makamo, mnene, anatafutwa na mwenzie uwanja mzima, walipokutana walipigana kama dakika mbili hivi mpaka mabua yakabaki nyuzi nyuzi mikononi, wakasimama wanahema, mmoja akamfuta mwenzie utomvu usoni kwa kiganja. Kisha wakatoka uwanjani pamoja wameshikana mabega. Sijui waligombania nini na sikuuliza. Ila niliondoka pale nikifikiria watu wawili watatu wa kwetu ambao ningependa tukutane na mabua.

Pili ni kibanda. Kimejengwa kwa makuti makavu, kidogo tu, mzee wa mila anakizunguka na watu wanamfuata, kuna mtu anaingia ndani, moto unawashwa. Jamani mara ya kwanza nilipiga kelele! Makuti makavu yanavyowaka unajua mwenyewe, ni sekunde, na wewe umemuona mtu kaingia kwa macho yako. Kumbe anatokea upande wa pili anakimbia zake kwenye miti na watu wanashangilia. Maana yake nilivyoelezwa ni kwamba mwaka unaoanza, nyumba ikipata moto, asife mtu ndani. Ukikaa kwenye kijiji ambacho kwa miaka mamia nyumba zilikuwa za makuti unaelewa kabisa kwanini hiyo ndo dua ya kwanza ya mwaka.

Alafu wanawake. Hapa ndo penyewe na wageni wengi wanakuwa wameshaondoka, wamepiga picha za moto wamepanda gari. Usiondoke! Wanawake wanaingia uwanjani kwa makundi, khanga mpya, dera mpya, hina mpaka kwenye viwiko, wanaotembea mbele wanaanzisha wimbo wa nyuma wanaitikia, wanazunguka uwanja, na nyimbo zina mafumbo makali ajabu, nyingine za wanaume wasiotimiza wajibu, nyingine ni za jirani anayejijua mwenyewe, nyingine siwezi kuziandika hapa. Kikae chenyewe, yaani Kimakunduchi, mimi nashika nusu, nusu natafsiriwa sikioni na mtoto wa bibi huku anajizuia asicheke. Nilitembea nao mizunguko miwili. Hakuna aliyenishangaa wala kuniuliza huyu nani, mmoja alinipa tu mtoto nimshikie ili afunge vizuri khanga yake, nikazunguka na mtoto wa watu mgongoni mpaka akalala.

Sherehe inaendelea siku nne, usiku kuna ngoma, kuna muziki pwani, vijana wa mjini wanakuja wengi na disko lao. Sehemu hiyo mimi napitia tu. Nakaa barazani na bibi.

Mambo ya kujua kwa Julai ni machache. Ni msimu wa kusi, upepo wa kusini, hali ya hewa nzuri jioni unaweza hata kujifunika shuka, lakini bahari kati ya Dar na Unguja inachafuka na boti inarukaruka kweli, hizo saa mbili utaziona ndefu, kwaiyo kaa chini sehemu za nyuma ambapo haichezi sana, usipande umeshiba, tafuna tangawizi. Vuka siku moja kabla, usifanye nilivyofanya mimi. Makunduchi iko kusini mashariki kabisa mwa kisiwa, zaidi ya kilomita 60 toka mjini, daladala zipo ila siku hiyo zinajaa mapema. Vaa nguo ya heshima, mabega na magoti yafunikwe, na nguo yenyewe iwe ambayo umeshairidhia kuipoteza. Picha omba, hasa kwa wanawake, wakikataa weka simu mfukoni uangalie kwa macho. Na kama umealikwa nyumbani kwa mtu nenda, kula, usilete ile ya kusema nimeshiba. Unakuwa umemfanyia mwenye nyumba jambo kubwa.

Mkiwa mnakaa siku zaidi upande huo wa kusini, Kizimkazi sio mbali, pale Dimbani kuna msikiti una maandishi kwenye jiwe la kibla yenye mwaka sawa na 1107 wa kwetu, ni kati ya misikiti ya zamani kabisa katika pwani yote hii ya Afrika Mashariki na bado watu wanaswali ndani. Na Agosti wana Tamasha la Kizimkazi, siku hizi limekuwa kubwa kwa sababu ndio kwao Rais Samia, misafara, burudani, viongozi wengi. Nimeenda mara moja. Zuri, ila hotuba ni ndefu.

Haya, tuje mjini.

Februari ni Sauti za Busara, muziki wa Afrika, wote unapigwa laivu, ilianza 2004 na inafanyika Ngome Kongwe, lile boma la mawe ambalo Waarabu wa Oman walilijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa miaka ya 1600. Kila mtu atakuambia habari za jukwaani na kweli usiku ni mtamu, kuta zile za mawe ya matumbawe zinashika joto la mchana zinalirudisha taratibu mgongoni kwako umeegemea unasikiliza mtu wa Mali au wa Zimbabwe, au kundi la taarab la hapohapo. Nilibahatika kumuona Bi Kidude jukwaani pale kabla hajafariki Aprili 2013. Mwanamke mdogo wa mwili, ameinama kwenye ngoma yake, na sauti ile inatoka sijui wapi, watu elfu wakanyamaza. Ila mimi nikikwambia nenda Busara, nakwambia kwa sababu ya siku ya kwanza mchana. Gwaride.

Gwaride la Busara linatokea upande wa Ng'ambo, huko ambako watu wa mjini wengi ndo wanaishi, linaingia Mji Mkongwe na kuishia upande wa Forodhani. Wageni wanakosea, wanasimama Forodhani na kamera kulisubiri. Wewe nenda linapoanzia. Kaa pale wanapokusanyika juani, wacheza sarakasi wanajinyoosha, watu wa miti mirefu wanafungwa kamba miguuni wamekaa juu ya ukuta, kikundi cha wanawake wa ngoma ya mwanandege wanafungua miavuli yao ya rangi mmoja baada ya mwingine, na watu wa beni wanajaribu tarumbeta, kila mmoja anapuliza lake. Alafu bila mtu kutangaza kitu ngoma kubwa inapigwa mara tatu na wote wanaingia pamoja, basi mwili wenyewe unaondoka.

Beni nataka niiseme kidogo maana watu wanaiona ni kelele za harusi tu. Jina lenyewe ni bendi. Zamani za ukoloni vijana wa pwani walitazama bendi za kijeshi za wazungu, yale matarumbeta, magwanda, gwaride la kunyoosha miguu, wakachukua vyote wakavifanya vyao, wakaweka mashairi ya Kiswahili ya kuchambana humo humo, vyama vikawa vinashindana mtaa kwa mtaa. Kwaiyo ukiona yule kiongozi wa mbele na kofia yake na bakora anatembea kama afisa kisha ghafla anakata kiuno, unaangalia jambo lina zaidi ya miaka mia. Na harusini ni hivyohivyo, kundi kama Mbwa Kachoka wakianza kupiga uchochoroni hakuna bibi anayebaki kitandani. Ndo maana nasema gwaride ni la wenyewe. Tamasha linaleta wanamuziki wa nchi nyingi lakini barabarani wanaotembea ni watoto wa shule wametoka na mikoba, mama ameacha karai la maandazi kwa jirani, mwendesha baiskeli ameshuka anasukuma anacheza. Linafuatwa. Mwaka mmoja nililifuata mwanzo mpaka mwisho nyuma ya tarumbeta, viatu nimeshika mkononi, tukafika pale mbele ya Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu, kukiwa kumeanza kuingia wekundu wa magharibi, upande ule wa jengo ulioanguka Desemba 2020 umezungukwa, na kuna mzee wa beni alitoa tarumbeta mdomoni akalitazama kidogo, akaendelea.

2016 Busara haikufanyika, hela za kuiendesha hazikutosha. Nilikuwa nimeshapanga likizo. Nilivuka hivyohivyo nikazunguka mji ule wikiendi ile na kulikuwa na ukimya ambao sitaki kuusikia tena, kwaiyo nawaomba, mkienda kateni tiketi, msiruke uzio, wale watu wanahitaji hizo hela ili mwakani kuwe na jukwaa. Vyumba pia kateni mapema na mpate uthibitisho wa maandishi, mimi kuna nyumba ya wageni moja ilinipa chumba kwa simu, nafika saa nne usiku chumba amepewa mtu mwingine aliyelipa zaidi, nikalala kwenye kochi la dada mmoja tuliyejuana kwenye boti siku hiyohiyo. Februari ni kaskazi, joto ni la kweli, maji ya kunywa mengi. Na kila mwaka angalieni Ramadhani imesogea wapi kwa sababu inarudi nyuma kama siku kumi na moja hivi kila mwaka, siku za mfungo mji unakuwa na utaratibu mwingine kabisa, mchana hakuna kula hadharani wala muziki.

ZIFF, yaani tamasha la filamu, wenyewe waliliita la Nchi za Jahazi, limeanzishwa 1997, wanatoa tuzo ya Jahazi la Dhahabu. Huwa mara Juni mara Julai, 2024 lilifanyika Agosti, kwaiyo angalieni tarehe. Nalipenda kwa kitu kimoja tu, kuangalia filamu ya nchi za jirani zetu umekaa kwenye ngazi za mawe Ngome Kongwe, nyota juu, na adhana ya isha inaingia katikati ya filamu, watu wanasubiri, filamu inaendelea. Nikiwa na siku za kuchagua kati yake na Makunduchi mnajua nachagua nini.

Sasa kuna mbili ambazo hazimo kwenye vipeperushi na kwangu mimi zinafuata baada ya Makunduchi.

Moja ni Maulidi. Mfungo Sita ukiingia, yaani mwezi aliozaliwa Mtume, misikiti na mitaa inaanza kusoma kila mahali, ila usiku wa kuamkia tarehe 12 ndo ile kubwa viwanja vya Maisara, watu wanakuja toka mashamba yote, kanzu nyeupe mpaka macho yanauma, wanawake upande wao. Ukibahatika kukuta Maulidi ya Homu utasahau kama una simu. Wanaume wamepiga magoti safu moja, bega kwa bega, dufu zinapigwa polepole, na safu nzima inainama kushoto, inarudi, inalala kulia, mikono inafunguka na kufunga, kama wimbi linavyopita kwenye nyasi, mtu mmoja akikosea ungeona na hakosei mtu. Nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama, msichana mdogo akapita na mrashi wa fedha ananyunyizia marashi, kila mmoja anakinga viganja na kujipaka usoni, akafika kwangu akasita kidogo, labda aliona sijui nifanyeje, mama wa pembeni akanishika mikono akanifungulia viganja mwenyewe. Yakaja maji yale ya baridi. Nguo ile nilivyorudi Dar ilikuwa bado inanukia waridi na udi. Sio onyesho hili jamani, ni ibada, jistiri vizuri, funika kichwa, kaa ulipoonyeshwa, na kama sio Muislamu kaa kwa adabu, mimi sijawahi kuona mtu anafukuzwa.

Ya pili ni sikukuu, yaani Idi. Dar Idi ni siku moja ya biriani, Unguja sikukuu zinahesabiwa, mosi, pili, tatu, nne, na zote nne jioni watoto wanapelekwa viwanjani. Nenda Mnazi Mmoja saa kumi hivi. Hakuna gwaride lililopangwa pale ila mimi naliita gwaride, watoto mia kwa mia wanaingia wameshikana mikono, ndugu watatu wamevaa kitambaa kimoja kilichokatwa robota moja, vitoto vya kike vina wanja na lipstiki na vibeti, ndani ya kibeti kuna mkono wa Idi waliokusanya toka nyumba kwa nyumba, na wanauhesabu kila baada ya hatua kumi. Wananunua miwani ya plastiki, bunduki za maji, askrimu, ukwaju. Kile kitoto kilichokaa karibu yangu kilinunua baluni, ikapasuka palepale, kikatazama kamba, hakikulia, kikafungua kibeti kikahesabu upya kikaenda kununua nyingine. Nimeenda matamasha mengi, na kile kitoto ndo kitu ninachokikumbuka mwaka ule.

Januari 12 ni Mapinduzi, ya 1964, usiku wa kuamkia kuna fataki, na mchana gwaride la vikosi mbele ya viongozi, kwa wanaopenda magwaride yaliyonyooka hilo ndo lenyewe. Fika mapema sana. Na Pemba kuna mchezo wa ng'ombe, inasemwa mizizi yake ni Wareno, ng'ombe hauawi, anachezwa tu na vijana huku wanawake wanaimba, hauna tarehe ya kudumu. Huo ndo sijauona. Nimeshapewa namba ya mtu wa Kengeja na nitakwenda.

Mwaka huu navuka siku mbili kabla ya kibunzi na ninaenda na mama yangu mzazi, hajawahi kupanda boti, anaogopa kusi lakini amesema atafunga macho. Nimempigia bibi kumwambia, akafurahi akasema wageni wawili basi mwaka huu nyumba imekamilika, akauliza mama anakula pweza? Nikamwambia anakula. Ameagiza nimletee miwani ya kusomea, yake imevunjika mguu ameifunga uzi, na kilo tano za mchele wa Mbeya. Miwani nimeshaipata, mchele nachukua Alhamisi.